Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Ubia wa Vyuo Vikuu na Viwanda katika Nishati Safi na Sayansi ya Viumbe

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mhazini, na mahudhurio anayo katibu. Mimi nitasema jambo moja lililokula muda wa kamati mwaka mzima: kwa nini ubia wa chuo na kiwanda hutiwa saini kwa picha na soda, kisha miezi sita hupita bila namba hata moja ambayo fundi anaweza kuifanyia kazi. Fedha hulaumiwa sana. Ukifuatilia faili, mara nyingi utakuta sampuli iliharibika njiani, au gesi ilipimwa vibaya, au mkataba uliandikwa kazi ikiwa imeshaanza.

Tuanze na makapi ya miwa. Viwanda vya sukari vya Kakira na Kinyara, hapa Uganda, vimekuwa vikiyachoma kwa miaka mingi kupata mvuke na umeme, na Kakira pekee ina mitambo ya zaidi ya megawati 50. Kiwanda cha aina hiyo hakiji chuoni kuuliza kama makapi yanaungua. Huja na swali finyu: tukiyakausha kwa moshi wa boila kwanza, tutapata mvuke zaidi kiasi gani? Makapi yakitoka kwenye vinu, karibu nusu ya uzito ni maji. Katika kilo 100, kilo 50 tu ndizo kavu. Sampuli ikipoteza maji njiani hadi ikasoma unyevu wa asilimia 40, ripoti itasema kilo 60 kavu, na hesabu ya joto itakuwa imezidi kwa asilimia 20 hata kabla hujatoa joto linaloliwa na maji yenyewe.

Dawa yake ni rahisi. Mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine. Pima palepale kwenye kinu, andika uzito juu ya mfuko, pima tena maabara kabla ya kuufungua. Kausha kwa nyuzi 105 hadi uzito usibadilike, kwa kawaida usiku na mchana mmoja. Sampuli ya uchachushaji haikai mfukoni hivyo, maana sukari iliyobaki italiwa na vijidudu kabla haijafika Kampala. Hiyo isafiri kwenye sanduku la barafu, nyuzi 4, wala si chini ya kiti cha teksi.

Kwenye bayogesi kuna kosa ambalo hata wataalamu hulirudia. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo (mgandamizo) ya hewa yetu ni karibu kilopaskali 88, si 101 kama kwenye usawa wa bahari. Gesi ya nyuzi 25 iliyobeba mvuke wa maji, ukiigeuza kuwa gesi kavu ya nyuzi 0 kwenye usawa wa bahari, lita 100 hubaki kama 76. Vitabu na wauza jenereta huhesabu kwa kipimo hicho sanifu. Mwanafunzi akiandika lita alizoziona kwenye chombo bila kusahihisha, kiwanda kitanunua injini ambayo robo ya gesi yake haipo. Kila ripoti inayopitia kwetu sasa lazima itaje joto na kanieneo ya siku ya kipimo. Iwe pia na chupa mbili za kulinganishia: moja ya tope mama (tope lenye bakteria wa kuanzishia) peke yake, nyingine ya tope hilo pamoja na selulosi safi (unga wa nyuzi za mimea). Selulosi isipotoa angalau mililita 340 za methane (gesi inayowaka), kwa kipimo sanifu, kwa kila gramu, tope ni dhaifu na matokeo yote ya siku hiyo yawekwe kando.

Mtambo ukishajengwa, adui ni uchu wa kulisha. Machicha ya bia na molasi huoza haraka. Bakteria wa asidi hukimbia, wa methane hubaki nyuma, pH (kipimo cha uchachu) hushuka chini ya 6.5, na moto unazimika jikoni kwa sababu gesi imejaa kaboni dioksaidi. Wengi huongeza malighafi wakidhani mtambo una njaa. Acha kulisha kabisa, rudisha pH polepole kwa bikaboneti ya sodiamu, kisha anza tena kwa nusu ya kipimo. Chokaa ni rahisi kupatikana lakini hufyonza kaboni dioksaidi, na kuba lililofungwa linaweza kunyonywa ndani likapasuka.

Sasa karatasi. Anayetaka kutenga bakteria kutoka kwenye udongo au mimea ya Uganda anahitaji kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST, kwa kanuni za mwaka 2005 za upatikanaji wa rasilimali za kijenetiki na mgawanyo wa manufaa. Kibali hicho hutanguliwa na ridhaa ya wenye eneo, na sampuli ikivuka mpaka huandamana na mkataba wa kuhamisha vielelezo. Kuomba baada ya sampuli kufika Ulaya ni kujitafutia kesi.

Kuhusu hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, tasnifu ikishawekwa hadharani kwenye maktaba ya mtandaoni, Ulaya upya wa uvumbuzi umekwisha. Peleka maombi kwanza kwa Ofisi ya Usajili ya Uganda, URSB, au ARIPO, shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika. Hapo unapata miezi 12 ya kuomba kwingine ukihesabiwa tarehe ileile ya kwanza. Katika mkataba tunashauri kiwanda kipewe siku 60 kusoma rasimu, zisizidi 90. Viwanda vingine hudai mwaka, na mwanafunzi wa uzamili hawezi kusubiri kiasi hicho.

Ununuzi: vyuo vya umma vimefungwa na sheria ya ununuzi wa umma, PPDA, ya 2003, na kimeng'enya kinachohitaji baridi hakingoji zabuni. Kiwanda kikinunua chenyewe na kukabidhi kwa hati ya kupokelea, kazi husonga. Mafunzo ya vitendo viwandani nayo hayajabadilika. Wanafunzi wengi bado wanapanga mafaili.

Kamati inaleta mapendekezo mawili ya kupigiwa kura. La kwanza, hakuna ubia utakaobeba jina la chama bila jedwali la sampuli linaloonyesha nani anapima, wapi, na kwa mizani ipi. La pili, chama kinunue kipima kanieneo kimoja cha kuazimisha maabara za wanachama, kwa dhamana, na anayekirudisha kimeharibika alipie matengenezo. Fomu za kura ziko kwa katibu.

Mwenyekiti