Asante, kaka wa maegesho
Mvua ilikuwa ikiingia garini, zulia limelowa chapachapa, nami napaka grisi kwenye raba za milango nikidhani natibu. Kaka aliyeegesha pembeni akanizuia: "Dada, grisi hiyo ya petroli inavimbisha raba." Hakuishia kusema. Aliifuta kwa kitambaa cha maji ya sabuni, akaikausha, akapaka grisi ya silikoni kidogo kwa kidole mpaka kwenye mikunjo. Kisha akachokonoa kwa kijiti vitobo vya chini ya mlango. Likatoka tope jeusi na majani yaliyooza. Kumbe maji yalikosa pa kutokea! Plastiki za nje zilizopauka (nilikuwa nimeshazikatia tamaa) akaniagiza nizipake dawa ya plastiki ya kukinga jua. Jina hakutaja, akaondoka mikono michafu. Kaka, asante sana. Wenye magari, chungulieni vitobo hivyo leo, na vya gari la jirani pia.