Grace Hopper si habari ya nondo tu

Bwana Mhariri,

Nimesoma makala yenu juu ya waanzilishi wa sayansi ya kompyuta, na nawashukuru kwa kumkumbuka Grace Hopper. Lakini mmempa aya moja, na yote inahusu nondo, yule mdudu aliyekutwa ndani ya kompyuta ya Mark II kule Chuo Kikuu cha Harvard tarehe 9 Septemba 1947. Nondo huyo alikuwepo kweli, na Hopper alipenda kusimulia habari zake, ingawa si yeye aliyemkuta. Kazi iliyompa jina ni nyingine kabisa, na inatuhusu sana sisi tunaofundisha watoto wa Lubumbashi.

Mama huyu alizaliwa New York mwaka 1906, akapata udaktari wa hesabu Yale mwaka 1934, akawa mwalimu katika chuo cha Vassar. Vita vilipokuja aliomba kuingia jeshi la majini. Wakamwambia umri umepita na mwili ni mwepesi mno. Hakukata tamaa, na Desemba 1943 wakampokea. Mwaka uliofuata alipelekwa Harvard kwenye Mark I, mashine yenye urefu wa zaidi ya mita 15, na sehemu kubwa ya kitabu cha kuelekeza matumizi yake, chenye kurasa zaidi ya 500, aliiandika yeye. Watu wa Katanga tujue na hili: mwaka huohuo wa 1944 mwanahesabu John von Neumann alileta kwenye Mark I hesabu za bomu la atomiki, na Hopper na wenzake wakazifanya bila kuambiwa ni za nini. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule wa siri ilichimbwa katika mgodi wa Shinkolobwe, jirani na Likasi.

Baada ya vita alihamia Philadelphia, kwenye kampuni iliyotengeneza kompyuta ya UNIVAC. Siku zile kuandika programu ilikuwa kupanga namba tupu. Sehemu ya programu iliyokwisha kufanya kazi vizuri, mtu aliinakili kwa mkono kutoka daftari la mwenzake, akibadilisha anwani (namba za mahali ndani ya kumbukumbu ya mashine) moja moja, na kila kosa la kunakili likazaa kosa jingine. Hopper akauliza: kwa nini kazi hii ya kunakili na kujumlisha isifanywe na mashine yenyewe? Mwaka 1952 akawa na A-0, programu iliyokusanya vipande hivyo na kuvipanga. Kisha akapiga hatua kubwa zaidi. Aliona kwamba wahasibu na makarani wa ghala hawatajifunza kamwe alama za wanahesabu, basi akataka waandike amri kwa maneno, na mashine iyageuze yenyewe kuwa namba. Wakubwa wake wakamjibu kwamba kompyuta haielewi maneno.

Kisa kilichofuata ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Alipowaonyesha wakubwa hao kwamba jambo linawezekana, aliwaletea programu yenye amri za Kiingereza, halafu ileile kwa Kifaransa, halafu kwa Kijerumani. Kwa mashine ilikuwa sawa tu, maana neno lolote linageuzwa kuwa alama zilezile ndani yake. Wakubwa wakashtuka: kompyuta iliyotengenezwa Marekani itaelewaje Kifaransa? Hopper alisimulia kwamba ilimchukua miezi 4 kuwatuliza na kuwaahidi kwamba watatumia Kiingereza peke yake.

Bwana Mhariri, kompyuta haijui Kiingereza wala Kifaransa. Hilo lilijulikana tangu miaka ya 1950. Na bado katika shule zetu za komini za Katuba, Kenya na Ruashi hapa Lubumbashi mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani, sokoni na uwanjani anakaririshwa maana ya kompyuta kwa Kifaransa kigumu, anaitema siku ya mtihani, anapata pointi zake, na ukimuuliza mashine inafanya nini hasa, ananyamaza. Nimewafundisha watoto hao miaka mingi. Siku ninapoandika ubaoni KAMA MALIPO YAMEPUNGUA KULIKO MINERVAL, ANDIKA JINA (minerval ni karo ya shule), mikono inainuka darasa zima. Wanauliza maswali ya maana: je, aliyelipa zaidi? Je, asiyelipa kitu? Wameanza kupanga programu, na hata umeme haujawaka.

Sentensi kama hiyo haiko mbali na kazi ya Hopper. Lugha yake ya kuandikia programu, FLOW-MATIC, ndiyo iliyokuwa msingi mkubwa wa COBOL, lugha nyingine ya programu iliyoanza kupangwa mwaka 1959. Desemba 1960 programu ileile ya COBOL ilifanya kazi kwenye kompyuta za makampuni 2 tofauti, jambo lililokuwa geni, na mpaka leo mabenki mengi duniani yanaitegemea.

Alikuwa pia mwalimu hodari. Wakubwa wa jeshi la majini walipomuuliza kwa nini ujumbe wa setilaiti unachelewa, aliwapa kipande cha waya cha karibu sentimita 30: hapo ndipo mwisho wa safari ya umeme katika nanosekunde, yaani sekunde moja iliyogawanywa mara bilioni. Nami hufanya hivyohivyo, na waya wa shaba hatukosi mjini hapa. Mtoto akiushika mkononi, anaelewa kwa nini vipande vya kompyuta vinazidi kufanywa vidogo.

Najua wazazi watasema: Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ni kwa Kifaransa, mwalimu asituharibie watoto. Sisemi Kifaransa kiondoke. Nasema mtoto aelewe kwanza kwa lugha anayofikiria, kisha apewe maneno ya Kifaransa kwa kitu anachokijua tayari. Katiba yetu ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa, na walimu hatupaswi kuona haya kukitumia mbele ya ubao.

Ombi langu: gazeti lenu lifungue safu fupi ya informatiki, yaani elimu ya kompyuta, kwa Kiswahili kila juma, na walimu wa Lubumbashi tuiandike kwa zamu. Masomo ya kwanza ninayo tayari, na nitayaleta ofisini kwenu mkikubali.

Mwalimu wa informatiki,
Komini ya Katuba, Lubumbashi