Mwanangu, Usiache Chenga

Mwanangu mpendwa,

Jumamosi jioni, ulipokuwa ukivua viatu vyako vya mpira, uliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu vizuri papo hapo: "Kwa hiyo, mama, niache kupiga chenga?" Kocha alikuwa amekutoa katika kipindi cha pili, na wenzako wawili walikuwa wamekuambia mbele yangu kwamba wewe ni mchoyo wa mpira. Nilikujibu kwamba tutazungumza, kisha nikaona ni heri nikuandikie, kwa kuwa jambo lenyewe lina mengi ndani yake na ningependa ulisome polepole, urudi nyuma panapokutatiza, na unibishie ukiona nimekosea.

Jibu langu ni hapana, usiache. Hata hivyo nataka tulitazame pamoja lile shambulizi la mwanzo wa kipindi cha pili, kwa sababu mimi nililiona lote nikiwa nje ya uwanja na nina hakika wewe hukuliona lote. Ulipokea mpira karibu na mstari wa pembeni upande wa kulia, ukamhadaa beki wa kwanza kwa kuinamisha bega la kushoto na kupita kulia, halafu ukamsubiri wa pili hadi aliponyoosha mguu, ukaupitisha mpira kando yake. Mabeki wawili walikuwa wamebaki nyuma yako. Wa tatu alikuwa ameacha nafasi yake katikati ili aje kukuzuia, na mwenzako aliyekuwa akikabwa naye alibaki peke yake mbele ya nguzo ya mbali, mkono juu. Wewe ulikuwa ukiutazama mpira. Uliutazama kwa hatua nne, nilizihesabu, na katika hatua ya tano yule beki akafika na kuufagia nje.

Chenga zile mbili hazikuwa kosa hata kidogo. Ndizo zilizomtoa beki wa tatu mahali pake, na bila hizo mwenzako asingekuwa huru. Kilichoharibika ni kwamba kazi uliyoifanya kwa miguu ilizaa nafasi nzuri, na macho yako hayakuwapo kuiona. Hilo ndilo ninalotaka ulishike katika barua hii yote: mchezaji hujifunza kuumiliki mpira ili macho yake yapate uhuru wa kutazama wenzake na wapinzani. Anayelazimika kuutazama mpira kila anapougusa bado hajaumiliki, hata kama hakuna beki anayeweza kumnyang'anya.

Najua utasema kwamba ukiinua macho mpira unakuponyoka, na ni kweli, kwa sasa. Mguu hujifunza kwa kugusa mara nyingi na kwa karibu. Unapokokota mpira, uguse kila hatua badala ya kuusukuma mbali na kuukimbilia, ukitumia sehemu ya juu ya mguu kuelekea nje, pale kwenye vidole vidogo, kwa sababu sehemu hiyo haikulazimishi kukunja kifundo na kupunguza mwendo. Upande wa ndani wa mguu na wayo viweke kwa ajili ya kugeuza, kusimamisha na kuuvuta mpira nyuma. Danadana zinasaidia, ingawa kwa maoni yangu unazipa muda mwingi kuliko zinavyostahili. Zinakufundisha wepesi wa kugusa, lakini hakuna beki atakayesimama akusubiri uzimalize. Kuanzia wiki hii tufanye hivi: wewe uzungushe mpira katikati ya vitu vinne tulivyovipanga chini, mimi nisimame mbele yako nikibadilisha idadi ya vidole ninavyonyoosha, na wewe unitajie idadi hiyo kwa sauti bila kusimama. Siku za kwanza utakosea vidole au utapoteza mpira. Baada ya muda utagundua kwamba mpira unauona kwa ukingo wa jicho, chini kabisa, na kwamba hilo linatosha.

Jambo linalotangulia hata kukokota ni kutuliza, na hapa ndipo ninapoona wachezaji wengi wa umri wako wakipoteza muda wao wote. Mpira unapokuja, mguu mgumu huurudisha kama ukuta. Mguu uliolegea, unaorudi nyuma kidogo wakati uleule unapoguswa, huupokea na kuulaza. Hilo unalifanya vizuri. Usilolifanya ni kuamua, kabla mpira haujafika, unataka uende wapi. Mguso wa kwanza unapaswa kuupeleka mpira mahali ambapo beki hayupo, na huwezi kujua hayupo wapi usipogeuza kichwa na kutazama nyuma ya bega lako wakati pasi ingali njiani. Tazama mara moja kabla pasi haijapigwa, tazama tena inapokuwa njiani, kisha upokee ukiwa umesimama kiubavu, kifua kikielekea nusu kwa mpigaji na nusu kwa goli la wapinzani, ukitumia mguu ulio mbali na mpira. Mchezaji anayepokea hivyo tayari anatazama mbele. Anayepokea akiwa amelipa goli mgongo huhitaji mguso wa pili ili ageuke, na mguso huo wa pili ndio beki anaousubiri.

Ninakuandikia kuhusu pasi sasa, na naomba uvumilie kidogo nirudi nyuma sana, kwa kuwa ugomvi huu wa chenga na pasi ni mkongwe kuliko unavyodhani. Sheria za kwanza za Chama cha Soka cha Uingereza zilipoandikwa mwaka 1863, mchezaji aliyekuwa mbele ya mpira alihesabiwa kuwa ameotea, yaani yuko mahali asiporuhusiwa kupokea pasi, kwa hiyo hapakuwa na maana ya kumpasia aliyetangulia. Mwenye mpira aliuendesha mwenyewe na wenzake wakamfuata nyuma, wakingoja umponyoke. Mwaka 1866 sheria ililegezwa, ikatosha wapinzani watatu wawe kati yako na mstari wa goli. Miaka sita baadaye, tarehe 30 Novemba 1872, Uskoti na Uingereza zilikutana Glasgow katika mechi inayotambuliwa kuwa ya kwanza rasmi kati ya mataifa mawili. Waingereza walikuwa na miili mikubwa na ustadi wa kukokota mmoja mmoja. Waskoti, ambao wote 11 walitoka klabu ya Queen's Park, walikuwa wepesi kwa uzito na walizoeana, basi wakachagua kupasiana. Mechi iliisha 0-0, na namna ile ya Waskoti ndiyo iliyoenea baadaye. Mwaka 1925 wapinzani watatu wakapunguzwa kuwa wawili, na tangu mwaka 1990 ukiwa sambamba na mpinzani wa pili kutoka mwisho hujaotea. Ukitazama, kila badiliko lilimfungulia mlango zaidi yule anayekimbia mbele bila mpira, na mlango huo hauna faida kwa mtu yeyote ikiwa mwenye mpira hajainua kichwa.

Sasa tuje kwenye wawili dhidi ya mmoja, kwa sababu karibu kila shambulizi zuri, likichambuliwa, hukutwa na kipande hiki ndani yake. Wewe una mpira, mwenzako yuko kando yako hatua chache, na beki mmoja yuko mbele yenu. Ukipasia mapema, akiwa bado mbali, beki anahama na mpira na hamjapata chochote. Ukichelewa, anakufikia. Unachotakiwa kufanya ni kumwendea beki moja kwa moja, kwa mwendo, kana kwamba unakusudia kumpita, mpaka alazimike kuchagua. Mtazame nyonga na miguu. Anapouhamishia uzito mguu mmoja na kukuelekea, hapo ndipo mwenzako anakuwa huru, na hapo ndipo unaachia mpira, mbele yake, kwa kasi ambayo haimlazimishi kusimama. Asipokuelekea, akibaki kumlinda mwenzako, basi njia iko wazi na unapita mwenyewe. Umeona chenga iko wapi? Iko ndani ya pasi. Beki anakuja kwako kwa sababu anaogopa utampita, na mchezaji asiyeweza kumpita mtu hamtishi mtu, kwa hiyo pasi zake nazo hazifungui kitu. Ndiyo maana sitaki uache.

Baada ya kuachia, usisimame kutazama pasi yako. Kimbia nyuma ya beki ili mwenzako akurudishie. Hizo ndizo pasi za kugongeana ambazo kocha wenu anazililia, na hazikamiliki pasipo mbio za yule aliyetoa mpira.

Utakapopata nafasi, tafuta picha za goli la nne la Brazili katika fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1970, waliposhinda Italia 4-1 katika uwanja wa Azteca, jijini Mexico. Anza kutazama nyuma kabisa, katika nusu ya Brazili, ambapo Clodoaldo anawapiga chenga Waitalia wanne mmoja baada ya mwingine. Mtu angeweza kumwita mchoyo. Lakini akimaliza anampa Rivellino, naye anautuma mpira kandokando ya mstari wa kushoto kwa Jairzinho, ambaye kwa kawaida ni winga wa kulia. Amehamia kushoto, na beki Facchetti amemfuata hadi huko, na upande wa kulia umebaki mtupu. Jairzinho anaingia ndani na kumpa Pelé mbele ya eneo la adhabu. Pelé angeweza kupiga chenga, angeweza kupiga shuti; anatulia na mpira, kisha anausukuma kulia taratibu, mahali ambapo hakuna mtu, na Carlos Alberto, nahodha na beki wa kulia, anafika kwa mbio na kuupiga pale pale bila kuutuliza. Nimelitazama goli hilo mara nyingi sana, na bado kinachonigusa zaidi ni ule utulivu wa Pelé, jinsi anavyompa mwenzake muda wa kufika.

Mengine ya kushambulia nitayataja kwa ufupi, maana kocha atakufundisha vizuri kuliko mimi. Winga akae kwenye mstari ili mabeki watawanyike. Ukifika karibu na mstari wa goli, tazama kwanza nyuma, kuelekea alama ya penalti, kwa kuwa mabeki wote wanakuwa wanarudi wakilielekea goli lao, na mpira unaorudishwa pale unawakuta wamepitiliza. Mkipoteza mpira, aliye karibu aubane mara moja, kabla mpinzani hajainua kichwa.

Kuna kitu kimoja sijawahi kukuambia. Nilipokuwa nikicheza winga ya kushoto, tulikuwa na mshambuliaji wa kati ambaye kila nilipopata mpira alikimbia: mara nguzo ya karibu, mara ya mbali, mara alirudi nyuma kuomba pasi mguuni. Mimi nilikuwa na kasi, na nilipenda kusikia kelele za watu nilipompita beki, na mara nyingi mno sikumpa. Hakulalamika hata siku moja. Msimu ulipokaribia mwisho, katika mechi moja, nilimpita beki, nikainua macho, kwa mara ya kwanza nikiwa nimekusudia kabisa kumpasia, nikamkuta amesimama mahali pake mikono kiunoni. Alikuwa ameacha kukimbia. Nilibaki na mpira sina wa kumpa, nikaupoteza, na hadi leo naikumbuka sura yake, haikuwa na hasira, ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuzoea. Mbio za mwenzako ni zawadi anayokupa kwa pumzi zake, naye hutoa kwa muda mrefu bila kulipwa, lakini kuna siku huchoka.

Mwenzako wa Jumamosi bado anakimbia. Nilimwona hata baada ya mpira ule kufagiwa. Alishusha mkono, akarudi nafasi yake, na dakika mbili baadaye akakimbia tena ulipopata mpira. Kwa hiyo, kabla ya mazoezi yajayo, naomba umwendee na umuulize mambo mawili: anapenda mpira umfikie mguuni au mbele yake, na ni ishara gani atakayokupa anapotaka kukimbilia nguzo ya mbali. Kisha mtafute ukuta au kona ya uwanja, mpigiane mpira huo mmoja mara 20 kutoka kulia, wewe ukitokea mbio, kichwa juu, yeye akikubadilishia mahali pa kufika. Mkikubali, mimi nitasimama katikati yenu niwe beki wa tatu.

Akupendaye,
Mama yako