Mashindano ya dunia ya baiskeli Kigali, mbona mliyapa aya mbili tu?

Mhariri, salaam.

Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi huku Ngara na leo naandika kwa sababu hili jambo limenikaa rohoni. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kabisa kuja Afrika tangu yaanze 1921, na nyie mkayawekea aya mbili chini ya ratiba ya ligi. Aya mbili! Toka huku ni kuvuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda na masaa machache ya basi, hata mwandishi mmoja mlikosa wa kumtuma?

Mi nilienda. Jumapili tarehe 28 nilisimama Kimihurura, kile kilima cha barabara ya mawe. Kwenye tivii kinaonekana cha kawaida tu ila ukisimama pembeni ndo unaelewa, matairi yanapiga yale mawe kama mvua kubwa kwenye bati, minyororo inalia, na mtu unasikia anavyohema kabla hujamwona sura. Siku hiyo ilikuwa mbio za wanaume, kilomita 267 na ushee, milima ukiijumlisha yote inapita mita 5,000, na Kigali yenyewe iko juu hewa nyepesi. Pogačar wa Slovenia alichomoka zimebaki kama kilomita 100, mwanzo na wenzake wawili, halafu kilomita 66 za mwisho akaenda peke yake mpaka akashinda. Evenepoel wa Ubelgiji, ambaye wiki moja kabla kwenye mbio za kushindana na saa, zile kila mtu anaanza peke yake kwa zamu, alimkuta Pogačar njiani akampita, siti ilimsumbua akabadili baiskeli mara mbili na bado akatoka wa pili. Walioanza walizidi 160, waliofika mwisho 30 tu.

Jumamosi, siku moja kabla, wanawake nao, wale wanaosifiwa wakabaki kuviziana, akachukua Magdeleine Vallieres wa Kanada ambaye hakuna aliyekuwa anamtaja.

Ila mhariri kilichonishika zaidi ni kijana mmoja wa Kiafrika aliyepita mwishoni kabisa, kaachwa peke yake, midomo imekauka, jasho limegeuka chumvi nyeupe mashavuni. Watu walimshangilia kuliko walivyomshangilia aliyekuwa anaongoza, mama mmoja jirani yangu ana mtoto mgongoni alikimbia naye sambamba nje ya uzio huku anapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Hiyo kwenye zile aya mbili haikuwepo.

Na sio mara ya kwanza. Mwaka 2021 Biniam Girmay wa Eritrea alipata medali ya fedha kule Leuven, Ubelgiji, mbio za vijana chini ya miaka 23, Mwafrika mweusi wa kwanza kupata medali kwenye mashindano haya, na kwenu sikuisoma popote. Mpwa wangu kila siku anapandisha mikungu ya ndizi kwa baiskeli kwenda sokoni, milima ya huku mnaijua, nilipomwambia kuna watu wanalipwa mshahara kwa kuendesha baiskeli alidhani namdanganya. Angejulia wapi kama nyie hamuandiki?

Naomba mtupe ukurasa mzima hata kama imeshapita. Picha za Kimihurura ninazo kwenye simu, nilipiga mwenyewe, mkizitaka nawatumia bure.

Msomaji wenu, Ngara