Kwa nini gemu zetu za wazee zinaanzia kwenye kiti

Mtazame mzee anapotaka kuinuka kwenye kochi. Kwanza anasogea ukingoni. Anashika mkono wa kochi, anajisukasuka mbele mara moja, mara mbili, na ya tatu ndipo anajirusha juu. Akishasimama anatulia kidogo kabla ya kupiga hatua. Ukimuuliza atakwambia ni uzee tu. Nyumbani nao hawasemi kitu: wanamwekea mto wa ziada ili kochi liwe juu, wanamletea maji pale alipo, na sababu za kuinuka zinapungua moja baada ya nyingine.

Kazi yetu inaanzia hapo. Tunawafundisha watu wa miaka 60 na kuendelea mazoezi ya nguvu za miguu, na tunayafanya kwa gemu: mkanda wenye kihisi unafungwa juu kidogo ya goti, skrini iko mbele, na mguu ndio unaoendesha mchezo. Kila wiki tunaulizwa swali lile lile, hasa na watoto wanaowaleta wazazi wao: kwani gemu itampa nguvu? Haitampa. Nguvu anazipata kwa kuinua na kushusha uzito wa mwili wake mwenyewe hadi misuli ichoke. Gemu ipo ili keshokutwa arudi.

Misuli huanza kupungua mapema kuliko watu wanavyodhani, tangu kwenye miaka ya thelathini, na mwendo unaongezeka mtu akivuka 60. Nguvu hupotea haraka kuliko nyama yenyewe, na wepesi wa kuzitoa nguvu hizo hupotea haraka zaidi, kwa sababu nyuzi za misuli zinazofanya kazi kwa kasi ndizo hutangulia kunywea. Hizo ndizo zinazohitajika mtu akijikwaa. Mguu inabidi uruke mbele umdake kabla hajafika chini. Ukichelewa kidogo tu, keshaanguka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na kundi linaloongoza ni la waliovuka miaka 60.

Halafu kuna kulala. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007 uliwalaza kitandani wazee wenye afya njema kwa siku 10 tu, na kwa wastani walipoteza karibu kilo nzima ya misuli ya miguu. Ndiyo maana tukisikia mteja ametoka hospitali, tunampima upya kana kwamba hatujawahi kumwona.

Kwa upande mwingine, misuli ya mzee bado inasikia ikifanyishwa kazi. Mwaka 1990 mtafiti Maria Fiatarone na wenzake walieleza habari za wakazi 10 wa makao ya wazee huko Boston, Marekani, wenye umri kati ya miaka 86 na 96, waliopewa mazoezi mazito ya misuli ya mbele ya paja kwa wiki 8. Nguvu za waliomaliza zilipanda kwa wastani wa asilimia 174. Hapo hapakuwa na gemu wala muziki. Palikuwa na uzito unaoongezwa, na watu wa kuwasimamia.

Hao wa kusimamia ndio wanaokosekana nyumbani. Mazoezi ya kusimama na kukaa huchosha akili kabla hayajachosha miguu. Mtu anatoka kwa mtaalamu wa viungo na karatasi yenye michoro: simama, kaa, mara 10, raundi 3. Siku ya kwanza anafanya zote. Ikifika wiki ya pili, karatasi iko chini ya redio.

Wazo la kutumia gemu si letu. Kampuni ya gemu ya Nintendo ilipotoa Wii Fit, gemu ya mazoezi ya mwili, mwaka 2007 pamoja na ubao wake wa kusimamia, wataalamu wa viungo katika nchi kadhaa waliuchukua wakaanza kuutumia na wagonjwa wao. Ubao ule ni mzuri kwa kuzoesha mwili kujisawazisha. Lakini kuegemea kulia na kushoto hakujengi paja, na gemu nyingi zinazouzwa kwa ajili ya wazee zimebaki palepale: mzee anapunga mikono, anacheka, anatoka jasho kidogo, na kochi bado linamshinda.

Sisi wenyewe tulikosea kwa namna nyingine. Toleo letu la kwanza lilikuwa linahesabu tu: kila ukiinuka, pointi moja. Kulikuwa na mama mmoja wa miaka 71, mcheshi, asiyependa kushindwa, ambaye baada ya wiki mbili hakuna aliyemkaribia. Tulijisifu. Wiki ya sita tukampima kwenye kiti cha kawaida, mikono ikiwa imekunjwa kifuani, na idadi yake ikawa ile ile ya siku ya kwanza. Ikabidi tukae tumtazame anavyocheza. Kumbe alikuwa amegundua kwamba kihisi kinaridhika paja likifika nusu ya safari. Hakuwa anasimama, alikuwa anadunda! Akishuka anajibwaga, kiti kinamrudisha juu kama mpira, pointi inaingia. Nilipomweleza alicheka mpaka akafuta machozi. “Mwanangu, si mlisema nitafute pointi? Nimezitafuta.”

Alikuwa na haki kabisa. Tulikuwa tunamlipa kwa kudunda.

Tukaifumua gemu yote. Sasa kwenye skrini kuna tiara. Ukiinuka inapanda, lakini haishiki upepo mpaka goti linyooke kabisa. Ukianza kukaa inashuka nawe, na hapo ndipo utamu ulipo: kamba isilegee. Ukishuka kwa hesabu ya tatu, tiara inatua salama. Ukijibwaga, inajinyonganyonga na kuanguka, na mara hiyo haihesabiwi. Wengi hudhani kuinuka ndiyo kazi na kukaa ni mapumziko. Sivyo. Unaposhuka polepole, paja linafanya kazi ya breki, misuli ikirefuka huku imebeba uzito, na breki hiyo hiyo ndiyo utakayoitumia kushuka ngazi. Yule mama wa pointi alipoanza na tiara alipata mara nne tu, akatuambia mchezo umeharibiwa.

Mtu akiweza raundi mbili za mara 10 bila kuangusha tiara, tunaongeza ugumu. Tunaondoa mto kwenye kiti ili kiwe chini zaidi, au tunamrudisha mguu mmoja nyuma kidogo ya mwenzake, au tunamvisha fulana yenye uzito. Baadaye sana tunaleta upepo wa ghafla: tiara inatikisika bila taarifa, na inabidi uinuke upesi kuiokoa, kisha ushuke taratibu kama kawaida. Huo ndio wepesi tuliousema mwanzoni. Hatumpi mtu upepo kabla hajazoea kushuka.

Zipo gemu nyingine mbili. Moja ni ya kupiga hatua za pembeni kufuata mpira, mkono mmoja kwenye mgongo wa kiti, na mifuko midogo ya uzito kwenye vifundo vya miguu. Mifuko hiyo tumeiazima kwenye programu ya Otago, ya mazoezi ya kuzuia wazee wasianguke, iliyobuniwa New Zealand katika miaka ya 1990. Nyingine ni ya kuinuka kwa vidole, kwa ajili ya vigimbi, na ndiyo inayochosha kuliko inavyoonekana.

Uzito uwe kiasi gani? Mara mbili au tatu za mwisho ziwe ngumu kweli. Mzee akiweza kutusimulia habari za majirani mpaka mara ya kumi, tiara yake ni nyepesi mno. Tunamtaka ahesabu kwa sauti wakati wa kuinuka, kwa sababu anayehesabu hawezi kubana pumzi, na kubana pumzi huku unajikaza hupandisha presha ghafla.

Kihisi kina upofu wake. Hakioni mikono. Anayejisukuma kwa viganja juu ya mapaja anapata pointi sawa na aliyekunja mikono, kwa hiyo kila wateja watatu wana mkufunzi mmoja anayewatazama. Na hatutumii ile miwani ya gemu inayofunika macho yote. Mtu ambaye miguu yake haina uhakika, ukimziba macho asione sakafu, unaomba ajali.

Ubao wa majina ya washindi tuliufuta baada ya kisa cha kudunda, tukidhani tumetenda busara. Ulikaa umefutwa kwa siku nne. Wazee walilalamika mpaka tukaurudisha, ila sasa unaonyesha tiara zilizotua salama, na kila mtu analinganishwa na wiki yake iliyopita.

Vipindi ni siku 3 kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati. Hilo linakwenda na mwongozo wa mwaka 2020 wa Shirika la Afya Duniani, unaowataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya kujisawazisha na ya nguvu angalau siku 3 kwa wiki. Wiki za kwanza mtu hujisikia ana nguvu ingawa paja halijanenepa. Ni mishipa ya fahamu inajifunza kuiamsha misuli iliyokuwa imelala. Misuli yenyewe hufuata baadaye. Kuhusu kuanguka, mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, yaliyokusanya majaribio 108, yalikuta kwamba mazoezi hupunguza idadi ya kuanguka kwa takriban asilimia 23. Hupunguza, hayafuti. Tukimwahidi mtu kwamba hataanguka tena tutakuwa tunamdanganya.

Wapo tunaowarudisha kwa daktari kwanza: mwenye maumivu ya kifua, mwenye presha isiyotulia, aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga au goti hivi karibuni, aliyeanguka zaidi ya mara moja mwaka huu, na anayeona kizunguzungu kila anaposimama. Kizunguzungu hicho mara nyingine kinatokana na dawa anazotumia, na gemu haiwezi kukitibu. Mapaja kuuma siku moja au mbili baada ya kipindi ni kawaida. Maumivu makali ndani ya goti si kawaida, simama, tuambie.

Kabla hujaja, jipime nyumbani. Tafuta kiti kisicho na magurudumu, chenye kimo cha sentimita 43 hivi, ukiegemeze ukutani. Awepo mtu pembeni. Kaa katikati ya kiti, kunja mikono kifuani, kisha simama wima na kukaa kadiri uwezavyo kwa sekunde 30, mwenzako akihesabu mara ulizosimama kamili. Ukilazimika kutumia mikono, idadi ni sifuri, na usione aibu kuiandika. Kwa kipimo kinachotumiwa na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti na kuzuia magonjwa, mwenye miaka 65 hadi 69 yuko chini ya wastani akipata pungufu ya 11 kwa mwanamke au 12 kwa mwanaume. Kwa miaka 80 hadi 84 ni pungufu ya 9 na 10.

Iandike idadi hiyo pamoja na tarehe, uje nayo. Tutaipima upya kwenye kiti chetu, bila skrini, kisha tena baada ya wiki sita. Pointi za gemu hatutakuuliza.