Ushuru wa samaki usikodishwe

Mhariri,

Tangu kusi lianze kuvuma, mazungumzo ya barazani hapa Lamu yamekuwa juu ya jambo moja, nalo ni kwamba huenda ingefaa ushuru wa gatini na wa soko la samaki ukabidhiwe wakala, ambaye ataipa serikali ya kaunti kiasi kilichokubaliwa kila mwezi, kisha akusanye mwenyewe na kubaki na ziada. Wanaolitetea wazo hili wana hoja ambayo siidharau: husema kuwa fedha zinazopita mikononi mwa makarani hazifiki zote, ilhali wakala aliyefunga mkataba hulipa kiasi kile kile, bahari itoe isitoe. Ni hilo la "bahari itoe isitoe" lililonifanya nishike kalamu.

Jambo hili si geni katika fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu. Abu Yusuf, mwanafunzi wa imamu Abu Hanifa, mwasisi wa madhehebu ya Hanafi, na Kadhi Mkuu wa khalifa Harun al-Rashid, aliyefariki mwaka 798, aliandika Kitab al-Kharaj kwa kuombwa na khalifa huyo, na humo alilizungumzia kwa jina la kabala, yaani mtu kuchukua dhamana ya kulipa hazina kiasi maalumu kwa niaba ya wilaya nzima, kisha akaachiwa wilaya ile aikamue. Alimshauri khalifa asikubali kabala katika Sawad, ardhi ya mito ya Iraki, wala mahali pengine popote. Sababu aliyoitoa ni ya mtu anayejua hesabu: mwenye kabala hapati ziada ila kwa kuwatoza raia zaidi ya wanachodaiwa, na kuharibika kwa nchi hakumhusu maadamu ameshapata faida yake. Hakuficha namna ukusanyaji huo ulivyofanyika, kwani alitaja vipigo, watu kusimamishwa juani na mawe kutundikwa shingoni mwao.

Katika kitabu hicho hicho yumo pia Abu Yusuf aliyethubutu kuacha utaratibu wa Umar bin al-Khattab, khalifa wa pili wa Waislamu. Umar alimtuma Uthman bin Hunayf kuipima Sawad, ikapatikana jaribu (kipimo cha eneo la ardhi) 36,000,000, na kila jaribu ikawekewa kiwango kisichobadilika. Zaidi ya miaka 100 baadaye Abu Yusuf aliona kwamba mashamba mengi yalikwisha kuachwa, na kwamba bei ya chakula hupanda na kushuka wala haikai hali moja, kwa hiyo akapendekeza serikali ichukue fungu la mavuno yenyewe: mavuno yakiwa haba, fungu la hazina nalo liwe haba. Hata katika fungu hilo alitofautisha, kwa kuwa anayenyweshea shamba kwa jasho lake alitakiwa kutoa kidogo kuliko anayefikiwa na maji yenyewe.

Mkataba wa wakala hauwezi kufuata mwenendo huo, kwa sababu umefungwa kwa kiasi kisichobadilika. Katika mji mmoja wa pwani ambao sitautaja, ambako ushuru ulikwisha kukabidhiwa mtu binafsi, nilimwona mvuvi wa makamo akishusha tenga lenye tafi wasiofika ishirini, baada ya usiku mzima wa mawimbi. Akadaiwa kiasi kile kile anacholipa wakati wa kaskazi tenga likiwa limejaa hadi juu. Alipolalamika, kijana mwenye kitabu cha risiti alimjibu kwa adabu kabisa, "Mzee wangu, ushuru ni wa tenga, si wa samaki." Simlaumu kijana yule, maana naye alikuwa na kiasi cha kupeleka jioni.

Wazee wetu wanaujua mtindo huu. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 masultani wa Unguja waliukodisha ushuru wa forodha wa pwani hii kwa wafanyabiashara, na nyumba ya Jairam Shivji ndiyo iliyoushika kwa muda mrefu zaidi. Sultani alipata kiasi anachokijua mapema bila kuweka makarani wake kila bandari.

Sharti niseme pia kwamba Abu Yusuf aliacha mlango mmoja wazi. Watu wa wilaya au mji wakija wenyewe pamoja na mtu wa kwao, tajiri na anayejulikana, wakasema wameridhika awadhamini kwa kuwa ni nafuu kwao, basi liangaliwe, na likionekana lina maslahi yao likubaliwe, mradi awekwe pamoja naye msimamizi mwaminifu anayelipwa na baitulmali, yaani hazina ya serikali, ili azuie dhuluma. Chama cha wavuvi wenyewe huenda kingeingia katika mlango huo. Mgeni aliyeshinda zabuni haingii.

Kuhusu makarani wanaokula fedha, dawa aliyoitaja ni mishahara ya kutosha kutoka hazina, wakaguzi wa kuchunguza mwenendo wa watoza kodi, na mtawala kuketi kusikiliza malalamiko walau kikao kimoja kwa mwezi au miezi miwili. (Wavuvi watafurahi kusikia kwamba Abu Yusuf aliitoza ambari ya baharini khumusi, yaani sehemu moja ya tano, lakini samaki hakuwatoza kitu; ila wasikimbilie gatini na hoja hiyo, kwa maana ada ya gati ni malipo ya huduma.)

Kifungu cha 201 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka uwazi, ushirikishwaji wa wananchi na mzigo wa kodi kugawanywa kwa haki. Kwa hiyo, kabla ya mkataba wowote kutiwa saini, masharti yake yabandikwe kwa Kiswahili penye mizani ya samaki, pamoja na kiwango cha miezi ya kusi na kiwango cha miezi ya kaskazi.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu,
Mkomani, Lamu