Kaka, jibu lile bado linaweza kubadilishwa

Kaka,

Shangazi ameniambia umeapa hutakanyaga tena mahakamani, eti nimekudhalilisha mbele ya ukoo kwa kumweleza wakili ulichomwambia mdogo wetu. Simu zangu hupokei, kwa hiyo nakuandikia hapa, na wengine wasome.

Siku ile ulimwinamia mdogo wetu pale kwenye benchi, kabla askari hajamwita, ukamwambia: "Kubali tu. Ukisumbua watakufunga zaidi. Ukikubali, hakimu atakuonea huruma." Nilikuwa nyuma yako, nilisikia kila neno. Akakutazama kama alivyokutazama tangu utotoni, ukisema ruka anaruka. Akasomewa shtaka la unyang'anyi wa kutumia silaha, akajibu: "Ni kweli, simu nilichukua." Ikaandikwa kwamba amekiri.

Huruma ipi, kaka? Kwa kosa lile sheria ya Tanzania imeweka kifungo kisichopungua miaka 30. Hata hakimu angekuwa mama yetu, asingeweza kushuka chini ya hapo. Aliyekunong'oneza maneno yale kituo cha polisi hatatumikia hata siku moja ya miaka hiyo, nawe ukayabeba bila kumuuliza mwanasheria yeyote.

Najua ulifanya kwa mapenzi. Ni wewe uliyemlipia ada baba alipotutoka, na viatu vyake vya shule vilitangulia vyako. Sijasahau. Ndiyo maana inaniuma, kwa sababu mtu mwingine yeyote asingemsikiliza.

Sasa nisikilize wewe. Adhabu haijatolewa. Kesi imeahirishwa ili asomewe maelezo ya tukio, na hapo ndipo penye nafasi ya kulibadilisha jibu lile. Iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilishaweka wazi utaratibu tangu mwaka 1973: mshtakiwa aelezwe kila kipengele cha kosa kwa lugha anayoielewa, maneno yake yaandikwe kadiri iwezekanavyo kama alivyoyatamka, kisha asomewe maelezo na aulizwe kama anayakubali. Akiyapinga, au akisema jambo linaloonyesha kwamba hakulikiri kosa lenyewe, iandikwe kuwa amekana. Kusema simu nilichukua si kusema nilimtishia mtu kwa panga. Panga hajalikubali popote, hata kwako, na unajua. Bila silaha, bila nguvu na bila vitisho, kinachobaki ni wizi.

Adhabu ikishatoka, hakimu yule hawezi tena kuligusa jibu lile. Itabaki rufaa, na aliyekiri kwa kawaida husikilizwa kuhusu adhabu peke yake, labda aonyeshe kwamba kukiri kwake kulikuwa na utata, au hakulielewa shtaka, au maelezo yenyewe hayakuonyesha kosa. Hiyo kazi ya miaka akiwa gerezani ndiyo unayotaka tuisubiri?

Wajomba wanasema nataka kumtoa mwizi. Simtoi. Akikana, kesi inaanza kusikilizwa: Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ilete mashahidi, aliyepoteza simu aseme alichokiona, na kama panga lilikuwepo lithibitishwe bila kuacha shaka. Yule aliyeibiwa naye anastahili hilo.

Na kuhusu kumweleza wakili ulichosema, aliniuliza kwa nini kijana alikiri haraka vile. Ulitaka nimjibu nini? Kwamba yalimjia usingizini? Ulikuwa umekaa palepale, ukanyamaza, ukaniachia mimi. Ningenyamaza nami, nani angebaki wa kusema? Ukoo unaweza kunisengenya unavyotaka, nitalisema tena.

Wakili ameandaa kiapo chako, yaani maelezo ya maandishi utakayoyaapia. Hakuna anayekushtaki, kinaeleza tu ulichomwambia na ulikokitoa. Kisome mwenyewe, ukiona neno si lako lifute. Mimi nitaapa kwa niliyoyasikia, lakini uzito uko kwako uliyeyatamka. Nenda kabla ya tarehe ya maelezo. Kama hutaki kuniona, mwambie wakili saa utakayofika, nami sitakuwepo.